Damu ipo lakini haikubaliani naye: mashine mpya za maabara zitamsaidia mwanangu?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa Likoni, Mombasa. Mwanangu ana miaka tisa na ana selimundu, yaani sickle cell. Ametiwa damu mara nyingi tangu utotoni. Zamani tukifika asubuhi, jioni keshatundikiwa painti yake. Safari mbili hizi za mwisho tumelala hospitali tukingoja, tunaambiwa damu ya kundi lake ipo lakini haikubaliani naye. Sasa nasikia maabara zinaletewa mashine zinazopima damu zenyewe, bila mkono wa mtu. Je, zitafanya damu anayotiwa iwe salama zaidi, na kungoja kupungue? Na babake anataka amtolee damu yake mwenyewe. Afanye hivyo? (Mama Salim)

Jibu: Waalaikum salaam, Mama Salim, na pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni ya maabara, upande wa damu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yanayopita mezani kwangu. Ya dawa, na ya lini atiwe damu na kiasi gani, utayapata kwa daktari wake wa kliniki. Nianze na la kungoja, maana nikilieleza hilo sawasawa, maswali yako mengine yatakuwa yameshajibika nusu.

Wamekwambia kweli, damu ya kundi lake ipo. Ninachoshuku, kwa jinsi ulivyoeleza, ni kwamba mwili wa mwanao umeshatengeneza kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huunda kupigana na kitu kigeni, dhidi ya chembe nyekundu za watu wengine. Makundi ya ABO, ambayo Karl Landsteiner aliyafumbua kule Vienna mwaka 1901, pamoja na ile chanya au hasi ya Rh, ni sehemu ndogo tu ya alama zilizo juu ya chembe nyekundu. Alama zinazojulikana leo zinapita mia tatu. Nyingi hazimsumbui mtu. Lakini zipo chache, hasa za ukoo wa Rh zinazoandikwa C, c, E na e, na ile ya Kell inayoandikwa K, ambazo mwili usiokuwa nazo ukiletewa ndani ya painti ya mtu mwingine unaweza kuzikataa. Mara ya kwanza huoni kitu. Mwili unajifunza kimya kimya, unatengeneza kingamwili, na siku painti yenye alama ile ile inapoingia tena, chembe zake zinavunjwa. Anayetiwa damu mara moja maishani hana hofu kubwa ya jambo hili. Mtoto wa selimundu, anayetiwa mara kwa mara kutoka kwa watu tofauti, yuko mstari wa mbele.

Ndiyo maana maabara, baada ya kupata painti ya kundi lake, huchukua plazma ya mwanao, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, na kuichanganya na chembe za painti ile ile anayotaka kutiwa. Hiyo ndiyo krosmechi. Zikigandana, painti inarudi kwenye friji na mtu anachukua nyingine. Akiwa na kingamwili dhidi ya E, painti za kumfaa zitapatikana bila taabu kubwa, kwa sababu Waafrika wengi hawana E. Akiwa nayo dhidi ya c ndogo, kazi ipo, kwa kuwa karibu kila mmoja wetu anayo. Akiwa na kingamwili za aina mbili au tatu kwa pamoja, mtu wa maabara anaweza kupitia rafu nzima ya painti usiku kucha akapata moja, au asipate. Hapo hakuna mashine itakayotengeneza painti ambayo haiko kwenye friji. Itakachofanya ni kuwaambia mapema, na kwa uhakika, ni kingamwili gani, ili watafute wakijua wanachotafuta badala ya kupapasa painti moja moja.

Sasa nikuoneshe kazi yenyewe inavyofanywa kwa mkono, ndipo utaelewa mashine inaondoa nini. Kupima kundi ni rahisi: tone la damu, tone la dawa ya buluu ya kupimia A, tone la manjano la kupimia B, na lisilo na rangi la kupimia Rh. Penye kugandana utapaona kwa macho. Ugumu uko kwenye kutafuta kingamwili. Hizi nyingi hushika chembe bila kuzigandisha, na bila kipimo ambacho Robin Coombs na wenzake walikieleza kule Cambridge mwaka 1945 hatungekuwa tunaziona kabisa. Unachanganya plazma na chembe kwenye kijitesti cha kioo, unakiweka kwenye nyuzi 37 kama joto la mwili, kisha unaosha chembe kwa maji ya chumvi mara tatu au nne, unatia dawa ya Coombs, unazungusha kwenye sentrifuji. Halafu unakiinua kijitesti kwenye mwanga na kukiinamisha taratibu, ukiangalia kama kile kidonge chekundu cha chini kinaachia laini au kinatoka vipande vipande. Ukikitikisa kwa pupa, mgando dhaifu unavunjika mbele ya macho yako na unaandika hasi. Ukiosha vibaya, plazma iliyobaki inaimeza ile dawa, na unaandika hasi vilevile. Na hapo kuna sampuli nyingine zinangoja, simu ya leba inalia, saa tisa za usiku, na aliye zamu ni mmoja.

Simlaumu mtu. Nimewahi kufanya kazi na watu ambao jicho lao lilikuwa halipitwi na kitu, na bado jicho la saa tatu asubuhi si jicho la saa tisa za usiku.

Hatua kubwa ya kuelekea kwenye mashine ilikuja katika miaka ya 1980, pale Yves Lapierre wa Lyon, Ufaransa, alipobuni kadi yenye vijitundu sita au zaidi vilivyojazwa jeli. Chembe na plazma hutiwa juu, kadi inawekwa kwenye joto, kisha inazungushwa. Wewe umekamua nazi, utanielewa upesi: jeli ile ni kifumbu. Chembe zisizogandana hupita kama tui na kukaa chini kwa kidonge safi, na zilizogandana hubaki juu kama chicha. Za kati kati, zilizogandana kidogo, hutawanyika katikati ya jeli. Hakuna kuosha, hakuna kutikisa, na matokeo yanabaki pale pale kwa muda, mtu wa pili anaweza kuja kuyatazama na kubisha.

Kadi hiyo inaweza kutumiwa kwa mkono, na maabara nyingi huanzia hapo. Mashine kamili ni kadi hiyo, au sahani ya vishimo vya kazi hiyo hiyo, iliyowekewa mkono wa chuma, jiko la nyuzi 37, sentrifuji na kamera ndani ya kabati moja. Unaweka kijitesti cha mgonjwa kama kilivyotoka wodini. Mashine inasoma msimbopau (barcode) wa kijitesti na wa kadi, inaangalia kama damu inatosha na kama haina bonge la kuziba sindano, inanyonya kiasi kile kile kila mara, inadondosha, inapasha, inazungusha, inapiga picha na kupima nguvu ya mgando kuanzia sifuri hadi nne. Jibu linaingia kwenye kompyuta ya maabara bila mtu kushika kalamu. Picha inahifadhiwa. Dawa iliyopitwa na muda, inaikataa. Kwa sampuli moja ya dharura, fundi mwenye mikono mizuri anaweza kutangulia kumaliza, maana kadi yenyewe huchukua kama nusu saa na zaidi. Faida inaonekana sampuli zikiwa ishirini, na ya ishirini ikapata uangalifu ule ule wa ya kwanza.

Kuna jambo moja hapa linalomgusa mwanao moja kwa moja. Tuseme yeye ni wa kundi A, na mwezi uliopita, kwa kukosa A, alitiwa painti ya O. Leo ndani ya mishipa yake kuna chembe za aina mbili. Kwenye kadi zitaonekana nusu zimebaki juu, nusu zimeshuka chini. Mtu mwenye haraka ataliona hili kama A iliyo dhaifu, au ataandika lolote linalokaribia. Mashine iliyowekwa vizuri hulikataa: inaandika kwamba imeona chembe mchanganyiko na haitoi kundi mpaka mtaalamu aje aamue. Hivyo hivyo upimaji wa chembe ukisema A na upimaji wa plazma ukasema vingine. Mimi naona kukataa huku kuna thamani kuliko kasi yote inayosifiwa kwenye vipeperushi vya wauzaji.

Hata hivyo mashine inajua kilichomo ndani ya kijitesti cha leo tu. Kingamwili nyingi hufifia. Mtoto anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya E akiwa na miaka mitano, akakaa miaka miwili bila kutiwa damu, na zikapungua mpaka kipimo chochote, cha mkono au cha mashine, kinasema hakuna. Mashine itasema ukweli kabisa: hakuna. Anapewa painti yenye E, inakubaliana vizuri, anarudi nyumbani. Mwili unakumbuka. Kati ya siku ya 3 na ya 14, kingamwili zinafumka upya na zile chembe alizotiwa zinavunjwa zote: macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakoza rangi, homa inapanda, mgongo unauma, na kiwango cha damu kinashuka hata chini ya pale alipoanzia. Mara nyingi watu husema ni maumivu yake ya kawaida ya selimundu, au malaria, na wakati mwingine suluhisho linaloletwa ni painti nyingine ya aina ile ile.

Kinga ya hilo ni kumbukumbu. Kingamwili ikigunduliwa mara moja tu, mgonjwa huyo asipewe tena chembe zenye alama hiyo maisha yake yote, hata kipimo cha leo kikiwa safi. Mashine iliyounganishwa na kompyuta ya maabara hulikumbuka hili na kumzuia mtu kuachilia painti isiyofaa. Lakini hukumbuka ya hospitali yake. Tuseme mwaka huu mmekwenda Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, mwaka juzi mlilazwa hospitali ya kibinafsi kisiwani, kabla yake mlikuwa Msambweni kwa bibi yake. Hakuna hata moja kati ya maabara hizo inayosoma daftari la mwenzake, isipokuwa karatasi iwe mkononi mwako. Kwa hiyo kliniki ijayo, mwombe daktari akuandikie mambo matatu kutoka maabara: kundi lake la ABO na Rh, alama zake nyingine za chembe kama C, c, E, e na K, na kingamwili zozote zilizowahi kuonekana, pamoja na tarehe. Weka nakala, piga picha kwa simu. Kuhusu zile alama nyingine, wakati mzuri wa kuzipima ulikuwa kabla ya painti yake ya kwanza kabisa. Sasa, kama ametiwa ndani ya miezi mitatu, chembe za wageni zitaharibu jibu, hivyo subirini ipite miezi hiyo bila kutiwa, ikiwezekana, au lifanywe kwa kipimo cha vinasaba pale kinapopatikana.

Hatari ya pili ambayo mashine haiigusi inatokea kitandani. Sisi watu wa pwani tunajua majina yetu. Ingia wodi yoyote ya watoto Mombasa uite Fatuma Ali, au Mohamed Omar, uone ni mama wangapi watageuka. Damu ikitolewa kwa Fatuma Ali wa kitanda cha dirishani, ikaandikwa jina baadaye kwenye meza ya manesi, na namba ya hospitali ikanakiliwa kutoka kwenye faili la Fatuma Ali wa kitanda cha mlangoni, kijitesti kile kitakuwa na msimbopau unaosomeka vizuri sana. Mashine itakipima bila kosa hata moja na kutoa kundi sahihi la mtoto ambaye siye. Ndiyo maana hospitali nyingi duniani, kwa mgonjwa ambaye hawajawahi kumpima, hutaka sampuli ya pili iliyotolewa kwa wakati mwingine, kabla ya kuachilia damu isiyo ya O. Ukiona wamerudi kumchoma mwanao mara ya pili, usikasirike. Kasirika wakitoa sampuli mbili kwa mpigo mmoja na kuandika saa tofauti.

Jimbo la New York kule Marekani lilihesabu makosa yake ya miaka kumi na kuyachapisha mwaka 2000. Painti iliyofika kwa mgonjwa asiye wake, au ya kundi lisilo sawa, ilikuwa takriban 1 katika kila 19,000. Karibu nusu ya makosa hayo yalitokea nje ya maabara kabisa, kwa anayetoa sampuli na anayetundika painti. Ya maabara peke yake yalikuwa asilimia 29. Hizo ni hospitali zenye kila kitu. Kwa hiyo kaunti ikitangaza kwamba imenunua mashine, mimi huuliza pia kama wamenunua bangili za mkononi zenye namba na kifaa cha kusomea namba kitandani, ambavyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Aghalabu jibu huwa kucheka.

Kuhusu maradhi, maana najua neno salama kwa watu wengi ni hilo kwanza. Nchini kwetu kila painti hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende, kabla haijaachiliwa kwa hospitali. Hapa mashine zimefanya kazi kubwa isiyo na ubishi. Kipimo kinachotafuta kingamwili za virusi vya Ukimwi peke yake huhitaji kama siku 22 tangu mtu aambukizwe ndipo kionyeshe. Kinachotafuta na kipande cha virusi chenyewe hushuka hadi kama siku 16. Kinachotafuta vinasaba vya virusi hufika kama siku 11. Kwa homa ya ini ya C tofauti ni kubwa zaidi, kutoka zaidi ya miezi miwili hadi wiki moja au mbili. Vipimo hivyo vya juu vinataka mashine, huwezi kuvifanya mamia kwa siku kwa mkono. Lakini ona kwamba siku hazifiki sifuri. Kile kipindi cha dirisha kinachobaki, ambapo virusi vimo lakini kipimo hakijaviona, hulindwa na maswali anayoulizwa mtoaji, na yeye kuyajibu kweli. Kijana aliyekuja kwa hiari yake, bila mtu kumngoja nje, ana wepesi wa kusema kweli. Shemeji aliyeburutwa usiku kuja kufidia painti ya mgonjwa atasema hapana kwa kila swali.

Tena hapa Mombasa kuna mambo ambayo mnunuzi aliyeko Nairobi huyasahau. Kadi za jeli kwa kawaida zinataka chumba kisichopita nyuzi 25. Mwezi wa Februari, chumba kisicho na eyakondishena kwenye kisiwa hiki hakitafika huko hata alfajiri, na kadi iliyokaa kwenye joto jeli yake hukauka na kupasuka, ikaanza kutoa majibu ya ajabu. Stima ikikatika katikati ya kazi, sampuli zilizokuwa ndani zinaanza upya, hata kama jenereta imewaka baada ya dakika moja, isipokuwa kuna betri ya kushikilia. Hewa ya chumvi inakula vyuma. Na mkataba: mara nyingi hospitali hupewa mashine bure au kwa bei ya kutupa, kwa sharti la kununua vitendanishi, yaani dawa na kadi za kupimia, kwa muuzaji yule yule. Siku malipo yakichelewa, vitendanishi havishuki, na mashine nzuri inageuka meza ya kuwekea mafaili. Nimeiona hali hiyo, sitataja ni wapi. Kwa hiyo maabara yenye akili haitupi vijitesti vyake vya kioo wala kuwaacha vijana wake wasahau kuvisoma. Wewe ukiambiwa siku hiyo wanapima kwa mkono, usiogope. Kazi ya mkono iliyofanywa kwa utulivu, ikatazamwa na mtu wa pili, ni salama.

Yaliyo mikononi mwako siku ya kutiwa damu ni haya. Anayetoa sampuli amuulize mwanao jina lake, asimtajie. Kijitesti kiandikwe pale pale kitandani, kabla hajaondoka, na wewe ukisoma namba ya hospitali kwa sauti. Painti ikiletwa, manesi wawili walinganishe jina, namba na kundi la kwenye painti na vya mwanao, tena mbele yake. Ikishatoka kwenye friji ianze ndani ya nusu saa na iishe ndani ya saa nne. Robo saa ya kwanza usiende kununua chai: akilalamika baridi, homa, kifua kubana, mgongo kuuma au mkono kuungua penye sindano, mwite nesi hapo hapo aifunge. Usimngoje amalize na mgonjwa mwingine. Na kwa wiki mbili baada ya kurudi nyumbani, yale niliyoyataja ya macho ya manjano na mkojo wa rangi yakitokea, mrudishe hospitali na useme neno hili waziwazi: alitiwa damu tarehe fulani. Bila neno hilo atapimwa malaria na kurudishwa.

Nije kwa babake. Nia yake naiheshimu, ila damu yake isiende kwa mwanao. Mtoto mwenye selimundu amerithi jeni hiyo pande zote mbili, kwa hiyo babake, hata kama ni mzima wa afya, kwa kawaida ameibeba. Chembe zake zina kiasi cha hemoglobini ya selimundu, ile ile tunayojaribu kuipunguza ndani ya mtoto. Isitoshe, damu ya ndugu wa karibu ina hatari yake, adimu lakini kali: chembe nyeupe za mtoaji, kwa kufanana na za mpokeaji, zinaweza kuponyoka zisitambuliwe na kuushambulia mwili wake. Kuizuia kunahitaji painti ipigwe mionzi. Na ikiwa kuna siku familia itawaza kupandikiza uboho kutoka kwa ndugu yake, ni vizuri zaidi awe hajawahi kutiwa damu ya familia. Sababu hii ya mwisho inawahusu kaka na dada zake pia, mjomba na shangazi.

Atoe, lakini kwa ajili ya rafu. Kituo cha damu cha kanda kiko pale pale Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani. Awe na miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na hemoglobini isiyopungua 12.5, na mwanamume anaweza kurudia kila miezi mitatu. Rafu hiyo hukauka kila Ramadhani, na kila shule zinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi ndio watoaji wengi, na chembe nyekundu zenyewe hazikai zaidi ya siku 35, au 42 zikiongezewa maji maalumu. Rafu ikijaa, ndipo mtu wa maabara anayemtafutia mwanao painti isiyo na alama fulani anapata pa kuchagua, na hapo kungoja kwenu kutapungua kuliko mashine yoyote itakavyopunguza. Babake akifika kutoa, amwambie mhudumu kwamba ana mtoto wa selimundu katika hospitali hiyo, na atoe jina la mtoto, ili waandike painti yake isimfikie.